Ngazi Iliyofungwa Maganda

Asubuhi ilikuwa na baridi huko Kibabi. Adelaïde alichukua panga, akaenda nyuma ya nyumba ya mama yake kukata maganda ya migomba. Alichagua marefu yasiyopasuka. Kisha akarudi kwenye gari.

Gari hilo lilikuwa kamyo, lori lenye nyumba ya mbao mgongoni. Ndani mlikuwa na kitanda cha kupimia wajawazito, kabati la dawa, na chumba kidogo ambamo Adelaïde alilala na mume wake, Evode. Evode aliendesha gari. Muganga Léonard alitibu. Adelaïde alipika, alifagia, na kuwapokea akina mama mlangoni. Walizunguka kutoka vilima vya Masisi hadi misitu ya Walikale. Katika miaka ile ya hamsini, vijiji vingi vya njia hiyo havikuwa na muganga mwingine.

Mlango ulikuwa nyuma ya gari, juu sana. Mtu aliufikia kwa ngazi ya chuma yenye vipandio viwili. Wakati wa safari, Evode aliikunja chini ya gari. Wakifika kijijini, aliikunjua.

Chuma kilikuwa baridi, na mvua ikinyesha kiliteleza. Akina mama wengi walikuja miguu mitupu. Kwa hiyo Adelaïde alivifunga vipandio kwa maganda ya mgomba, kama mama yake alivyotandika maganda mlangoni kila mgeni alipokuja. Asubuhi hiyo aliweka maganda mapya juu ya yale ya zamani, akayakaza kwa kamba.

Mama yake alisimama akimtazama.

"Vile njo muzuri," alisema. "Ganda mugeni amekanyaga, haliondolewi. Ukiliondoa, ni kama unamufukuza. Tia lingine juu."

"Niko najua, mama."

Evode alikuwa akiweka maji kwenye injini. Alicheka. "Mama, mutoto wako ni fundi! Hii ngazi ilikuwa inalia kama mbuzi kila muntu akipanda. Tangu aivalishe nguo, imenyamaza."

"Wewe ulishindwa, mimi niliweza," Adelaïde alisema. "Muganga wa ngazi njo mimi."

Walicheka wote. Chini ya ngazi, maji mekundu yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye maganda, ingawa mvua ilikuwa imekatika tangu juzi. Adelaïde aliyaona. Alidhani ni udongo wa barabarani.

Waliteremka kuelekea msituni. Barabara ilikuwa tope tupu. Gari lilikwama mara nyingi, na matope yakajaa chini yake mpaka kwenye ngazi iliyokunjwa. Walipofika Mubi, Evode aliikunjua kwa nguvu. Bawaba zake, yale maungio yanayoiwezesha kukunjwa, zilikuwa ngumu. Aliipiga teke, ikashuka. Hakuitazama zaidi. Akina mama walikuwa wameshaanza kukusanyika.

Kati yao alikuwepo Pétronille, mdogo wake Adelaïde. Aliolewa Mubi na mwindaji aitwaye Émile. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika. Sasa alikuwa na mimba ya pili, imebaki kidogo tu ajifungue.

"Mudogo wangu, umekuwa kama ngoma!" Adelaïde alimwambia.

"Ngoma gani? Ngoma haikupigi mateke usiku kucha," Pétronille alijibu akishika tumbo. "Émile alikataa nisikuje. Anasema ile nyumba ya kutembea haina mizizi. Nikamwambia, mwenye kuifagia ni dada yangu. Dada yangu hawezi kunipandisha mahali pabaya."

"Panda basi, Muganga akuone wa kwanza."

Pétronille alishika ukingo wa mlango. Aliweka mguu kwenye kipandio cha chini, kikavumilia. Aliweka mguu kwenye kile cha juu. Kulisikika mlio mdogo, kama kijiti kinachovunjika ndani ya nguo. Kipandio kilipinduka. Pétronille alianguka, na tumbo lake likagonga ukingo wa chuma kabla hajafika chini.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Dada."

Wanaume walimbeba, wakampitisha mlangoni kwa mikono, maana ngazi haikufaa tena. Muganga Léonard alifanya kazi mpaka jua likainama. Alipotoka, mikono yake ilikuwa imeoshwa, lakini nguo yake ilikuwa na damu.

"Mama atapona," alisema. "Mufupa wa mguu umevunjika, nimeufunga. Mutoto..." Alitikisa kichwa. "Alikuwa mwanamume."

Émile alikuwa amefika kutoka msituni na mkuki wake. Alimtazama Adelaïde.

"Nilimukataza," alisema. "Gari yenu inakula batoto. Leo imekula wangu."

"Shemeji, nisikilize..."

"Usiniite shemeji."

Akina mama waliokuwa wakingoja walichukua vitenge vyao, wakaondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyeaga. Walimzika mtoto kesho yake nyuma ya nyumba ya Émile, mvua ikinyesha. Adelaïde alisimama mbali. Hakujua kama anaruhusiwa kukaribia.

Aliporudi, alimkuta Evode amekaa kando ya ngazi iliyovunjika, na mzee mmoja amechuchumaa karibu naye. Huyo alikuwa Honoré, jirani wa Émile. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika karakana ya mgodi, na sasa alifua majembe kwake.

"Nani alifunga hii?" Honoré aliuliza.

"Mimi," Adelaïde alisema.

"Fungua."

"Papa, ganda mugeni amekanyaga..."

"Fungua, mwanangu. Mugeni wako yuko kitandani na mufupa umevunjika."

Adelaïde alikata kamba. Maganda ya juu yalitoka yakiwa mazima. Ya chini yalikuwa yameloa, meusi, yananuka. Ya mwisho yalitoka pamoja na chuma chenyewe. Chuma kilimeguka mkononi mwake kama mkate mkavu, kikamwachia unga mwekundu.

Alikumbuka yale maji mekundu. Alikaa chini kwenye tope.

"Kwa hiyo njo mimi nilimuua," alisema.

"Ulifunga chuma na nguo yenye maji, ukakifungia giza," Honoré alisema. "Chuma kikikaa na maji bila kukauka, kutu inakila. Kinakwisha polepole, na wewe unaona ganda safi tu. Émile anasema gari inakula batoto. Gari haina meno. Maji njo yalikula chuma."

Evode hakuinua kichwa. "Na mimi? Ilikuwa inalia, mimi nikafurahi iliponyamaza."

"Ilikuwa inalia sababu bulo moja, hii bolti ya kushikilia kipandio, imelegea. Angalia tundu hili, limepanuka. Muntu akilia, unamufunga kinywa ao unamuuliza anaumwa wapi?"

Evode aliingiza kidole kwenye tundu.

"Sasa mutafanya nini?" Honoré aliuliza. "Kuna akina mama wengine huko mbele."

"Tutafunga na waya mpaka tufike Masisi," Evode alisema.

"Waya! Unataka kuzika wa pili?" Mzee alisimama. "Ngazi ikiharibika, hakuna muntu anaipanda. Hata mwepesi. Hata mara moja tu. Kwanza tengenezeni kiti cha mbao cha kukanyagia, kipana, kisichotikisika, na muntu wa kumushika mukono kila anayepanda. Hii nileteeni kwangu."

Walifanya kazi kwake, wote watatu. Honoré alimpa Adelaïde brashi ya nyaya. "Kwangua mpaka uone chuma cheupe. Usiache doa." Adelaïde alikwangua mpaka vidole vikachubuka. Honoré alifuata nyuma akigonga kwa nyundo ndogo.

"Sikia. Hapa kinalia vizuri, ting. Ni kizima. Hapa, sikia."

Sauti ilikuwa butu, kama kugonga muhogo uliooza.

"Hapa kimekufa," Adelaïde alisema.

"Kimekufa. Rangi haiwezi kukifufua. Tunakata."

Kipandio cha juu kilitupwa chote. Kile cha chini pia, ingawa kilikuwa kimevumilia, kwa sababu kilitoa sauti ileile butu pembeni. Honoré alikata vipande vipya vya bati nene. Alivitoboa matundu kutoka chini kwenda juu, ili midomo ya matundu ikwaruze kidogo na mguu usiteleze.

"Na maji yanapita humo humo," alisema. "Huhitaji ganda tena."

Alitoa bulo zote za zamani. Aliweka mpya zilizoenea tundu, akazikaza. Evode alitaka kurudisha moja ya zamani iliyoonekana nzima. Honoré aliichukua, akaitupa kwenye majani. Kisha alipaka rangi juu ya chuma kikavu, na mafuta mazito kwenye bawaba.

"Na kila siku?" Adelaïde aliuliza.

"Ukifika mahali, toa tope kabla ya kukunjua. Futa kwa kitambaa kikavu. Gonga kila kipandio, shika kila bulo. Ikilia, simamisha watu, utafute sababu. Chini pakiwa laini, weka ubao chini ya miguu ya ngazi isizame. Mafuta yakikauka, ongeza. Njo vile tu. Hakuna dawa nyingine."

Kabla ya kuwaruhusu kuondoka, aliweka magunia ya maharagwe juu ya ngazi, moja juu ya jingine, mpaka uzito ukapita wa mtu mnene. Ngazi haikuyumba. Evode alipanda, akashuka.

"Na mimi," Adelaïde alisema. Alipanda mpaka juu, akashuka.

Siku hiyo Mubi hakuna mama aliyekuja. Waliondoka na nyumba tupu. Pétronille hakutoka kuwaaga.

Tangu hapo Adelaïde aligonga ngazi kila asubuhi. Ganda la mgomba alilitandika chini, mbele ya ngazi, na jioni alilianika kwenye ua. Mara ya kwanza mama yake alipoona hivyo, alikasirika.

"Unafukuza wageni?"

"Hapana, mama. Niko nakausha ili warudi wazima."

Mama yake alilipapasa ganda lililokauka. Kisha akamsaidia kulitundika.

Mwaka mwingine, katika mvua, gari lilirudi Mubi. Akina mama wachache walikuja, wakasimama mbali. Pétronille alikuja mwisho, akichechemea, fimbo mkononi. Alikuwa na mimba tena. Émile alimfuata na mkuki wake. Hakusalimia.

Pétronille alifika mbele ya ngazi akasimama.

"Nionyeshe chini," alisema.

Adelaïde alipiga magoti kwenye tope, akafuta, akamwonyesha kila bulo. Pétronille aliinama kwa shida, akatazama. Kisha akagonga kipandio cha chini kwa fimbo yake. Ting. Akagonga cha juu. Ting.

"Panda wewe kwanza," alisema.

Adelaïde alipanda. Alisimama juu, akanyoosha mkono. Mdogo wake aliutazama mkono huo muda mrefu. Kisha akaushika, akapanda.

Muganga Léonard alimkuta akitokwa na damu kidogo. Alimlaza humo humo kwa siku kadhaa, maana angerudi kwake angeweza kumpoteza na mtoto huyu. Mtoto wa kike alizaliwa ndani ya nyumba ya magurudumu, mvua ikipiga paa, akalia kwa nguvu.

Siku ya kutoka, Émile alitangulia. Alisimama mlangoni, akageuza mkuki wake, akagonga kila kipandio kwa mpini. Alisikiliza. Chuma kiliitika.

"Shemeji," alimwambia Adelaïde, "shika mutoto."

Kisha akashuka, akampa mke wake mkono.