Difu Kwanza, Viti Baadaye

Fundi viti alichemsha chai ya mtu mmoja, akainywa amesimama. Tangu mkewe afariki, meza ilikuwa kubwa mno kwake. Redio iliongea peke yake. Yeye hakuwa na wa kumjibu.

Binti yake wa pekee alikuwa nesi katika zahanati ya milimani. Mvua zikianza, mabasi hayafiki huko. Mjukuu alikuwa ameshaanza kutembea, na babu yake hajamtia machoni.

Ndiyo maana fundi viti alinunua gari kuukuu, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Rangi ilikuwa imebabuka. Viti vilikuwa vimechanika. Kushona viti vya magari ndiyo kazi yake, basi akaanzia hapo. Alivifungua, akavitoa uani, akaanza kukata ngozi mpya.

"Jumamosi tunapanda mlima, mimi na wewe," aliliambia gari.

"Shikamoo, mzee. Unaongea na nani?"

Alikuwa jirani yake, fundi makanika. Mtaa mzima ulimwita Bi Spana.

"Marahaba. Naongea na gari. Lenyewe halinikatizi maneno."

Bi Spana alicheka, akaingia uani. "Viti vitapendeza. Na huko chini umeangalia?"

"Injini ukiiwasha tu, inawaka."

"Injini kuwaka ni jambo moja. Gari kwenda ni jambo jingine. Nguvu inatoka kwenye injini, inapita kwenye giaboksi. Inagawanywa mbele na nyuma. Inapita kwenye shafti, ile fimbo ndefu ya chuma, inafika kwenye difu, lile bonge la gia katikati ya magurudumu, ndipo magurudumu yanazunguka. Kimoja kikifa, umekwama. Kagua hivyo kwanza. Viti na rangi vije mwisho."

Walizima gari, wakaweka magogo mbele na nyuma ya magurudumu.

"Hili liko juu, tutafika bila kulinyanyua," alisema Bi Spana. "Lakini usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake."

Walijilaza chini.

"Ishike shafti hiyo. Itikise."

"Haichezi."

"Vizuri. Ingecheza na kugonga, ujue viungo vyake vimelika."

Kisha akafungua kizibo cha difu ya nyuma. "Chovya kidole, mzee."

Mafuta yalikuwa meupe kama maziwa. Ndani yake vilimetameta vipande vidogo vya chuma.

"Weupe huo ni maji yaliyoingia. Hivyo vinavyong'aa ni vyuma vinavyosagana."

"Kama ningeondoka hivihivi?"

"Difu ingekufa mlimani. Gurudumu lingeweza hata kujifunga kwenye mteremko. Nani anajua kwamba unakwenda?"

Fundi viti alifuta kidole chake taratibu.

"Hakuna," alisema. "Sina wa kumuaga."

Bi Spana alikirudisha kizibo mahali pake.

Difu ilifunguliwa. Waliweka beringi mpya na sili mpya za kuzuia maji, wakabadilisha mafuta yote, pamoja na ya giaboksi. Viti vilirudishwa mwisho. Kisha wakalijaribu gari kwenye uwanja wa udongo laini.

"Kuvuta kwa magurudumu manne kujaribu hapa," Bi Spana alionya. "Kwenye lami kavu utaumiza gia. Sasa kanyaga mafuta, kisha achia. Sikiliza."

Hapakuwa na mlio, wala mgongano. Magurudumu ya mbele yalichimba udongo na kuvuta.

Siku ya safari, fundi viti alimpigia simu binti yake. "Naondoka sasa, mwanangu." Akamuaga na Bi Spana pia. Huko juu, barabara ilikuwa tope tupu. Gari lilipanda polepole, bila kuteleza.

Binti yake alitoka mbio, akamkumbatia, akalia. Mtoto alijificha nyuma ya gauni la mama yake.

"Msalimie babu."

Mtoto akakataa.

"Mwache, mama," alisema fundi viti. "Hanijui."

Alikaa kizingitini, akatazama mvua. Hakumwita mtoto, hakugeuka. Alikuwa amezoea kukaa kimya.

Muda ukapita. Kisha mkono mdogo, wenye unyevu, ukashika goti lake.