Vitambaa Chini ya Mto

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sindano alifagia chumba cha bibi yake, akafungua dirisha, kisha akasimama mbele ya kiti. Jina hilo alipewa na bibi mwenyewe kwa wembamba wake.

"Haya, mke mwenzangu," Bibi alikuwa akimtania mjukuu wake, "tuanze mateso yetu."

Bibi alikuwa fundi cherehani. Tangu ateleze bafuni na kuumia nyonga, hakutoka nje tena. Mfupa ulishapona, ila hofu ilibaki. Alitembea akishika ukuta, na mafundi wenzake wa chumba cha ushonaji walipomwita alisingizia jua kali. Daktari wa viungo alikuwa amemwagiza ainuke kitini bila kushika kitu, asubuhi na jioni, mpaka mapaja yapate nguvu. Akiweza hilo, atarudi kwenye kigoda chake mbele ya cherehani.

Lakini kila akijaribu, aliinuka kidogo tu, akarudi chini puu. Siku moja machozi yalimlengalenga, akasema amekwisha. Sindano hakustahimili. Alipotoka shule alichukua vitambaa kwenye kapu la mabaki, akavikunja na kuvisukuma chini ya mto wa kiti. Kiti kikapanda. Jioni ile Bibi aliinuka, akabaki amesimama akijishangaa.

Basi Sindano akanogewa. Kila alipomwona Bibi anahema, aliongeza kitambaa. Bibi naye akaanza kumtania mkwe wake, mama yake Sindano, kwamba sasa wanaweza kushindana mbio.

Jumamosi moja akajifunga kilemba, akaenda na Sindano kwenye chumba cha ushonaji. Wenzake walimshangilia. Alikaa kwenye kigoda, akashona kidogo, lakini alipotaka kuinuka magoti yalikataa. Akajaribu tena, wapi. Ikabidi mafundi wawili wamshike kwapani na kumnyanyua kama gunia, na msichana aliyekuwa akijifunza kazi akaficha kicheko.

Bibi alipofika nyumbani alimwambia mkwe wake atafute mtu wa kununua ile cherehani.

Chakula kilimshinda Sindano. Aliinuka, akaenda kwenye kiti cha Bibi, akainua mto na kuvitoa vile vitambaa.

"Usiiuze, Bibi. Miguu yako haina kosa. Mimi ndiye niliyekudanganya."

Bibi alivichukua, akavigeuza kimoja baada ya kingine.

"Kumbe nilikuwa nimekalia mabaki ya wateja," alisema. "Nikijiona shujaa."

Sindano akaanza kulia. Bibi alikuwa amekasirika kweli, wala hakumbembeleza. Lakini baadaye alimwita.

"Virudishe chini ya mto. Punguza kimoja tu. Kesho nitaanzia hapo, nikijua ninachokalia."

Ndivyo walivyofanya. Mguu ulipozoea, walitoa kitambaa kingine. Siku nyingine Bibi alinuna, akataka kirudishwe, na kikarudishwa mbele ya macho yake. Taratibu mto ulishuka mpaka ukalala juu ya mbao za kiti, na Bibi akaacha kushika ukuta bila hata kutambua.

Walipokwenda tena kwenye chumba cha ushonaji, Bibi alikaa kwenye kigoda, akashona pindo lote la gauni. Kisha akaweka mikono kifuani. Sindano alinyoosha mkono kumsaidia, akajizuia, akauficha nyuma. Bibi aliinama mbele, akatetemeka kidogo, akainuka.

Akamtazama yule msichana aliyeficha kicheko. "Sasa cheka, mwanangu, tucheke wote."

Walipokuwa wakirudi, Bibi alimshika Sindano bega, si kwa kuegemea.

"Ulinihurumia, na huruma si kosa," alimwambia. "Ila ule uongo ulinipa moyo nyumbani, ukaniumbua mbele za watu. Ukimpenda mtu, mwambie kweli, kisha ubaki naye akitoka jasho. Hata mzee kama mimi mwili wake hujifunza, na moyo nao hufuata."

Walipofika kwenye ngazi za nyumba, Bibi alitangulia kupanda.