Ugonjwa wa Mashine ya Babu

Kila siku akitoka shule, Kasuku hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia karakanani kwa babu yake, akavaa koti kuukuu lililomfika magotini, akachukua brashi na kuanza kufagia vipande vyembamba vya chuma vilivyojikunja sakafuni. Hakuvigusa kwa mkono, maana vilikata kama wembe. Mikono ilifanya kazi, na mdomo haukubaki nyuma. Alisimulia ya darasani, ya njiani, ya jirani na ya kuku wa jirani. Jina la Kasuku hakupewa bure.

Babu alikuwa fundi mkerezaji. Mashine yake ilishika kipande cha chuma, ikakizungusha kwa kasi, na kisu kikakinyoa taratibu mpaka kikawa mviringo laini. Ilikuwa mashine ya zamani, nzito, yenye rangi ya kijani iliyobanduka, na kila ikiwashwa ilikohoa kwanza. Babu aliisalimu kila asubuhi. Mjomba, mdogo wake mama, alidai kwamba aliwahi kumsikia akiiaga pia jioni, lakini mjomba naye kwa kutia chumvi hajambo.

Alasiri moja mlango ulisukumwa kwa kishindo. Mwenye kinu cha kusaga nafaka aliingia akiwa mweupe pe kuanzia kope hadi viatu, mkononi ameshika shafti, chuma kirefu cha kuzungushia kinu.

"Fundi, shafti uliyonichongea inacheza!" alifoka, na kila neno likatoa vumbi la unga. "Kinu kimetikisika mpaka kikanimwagia gunia zima. Wateja wamenikimbia wakidhani mimi ni mzimu!"

Mama, ambaye ndiye aliyesimamia karakana, aliichukua ile shafti akaipima. Upande mmoja ulikuwa mnene kuliko mwingine. Alimtazama babu, na babu akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwamo.

Mjomba hakungoja. Alitoa simu, akaonyesha picha ya mashine mpya inayong'aa. "Baba, hii yako imezeeka. Tuipeleke kwenye chuma chakavu, tukope, tununue mpya. Tazama, ina vitufe!"

"Mimi nakereza chuma, sipigi simu," babu alijibu. "Ikifanyiwa marekebisho itarudi kama zamani. Lakini kwako wewe, kipya kinyemi ingawa kidonda."

"La kuvunda halina ubani, Baba."

"Ya kale ni dhahabu!"

"Jamani, methali hazikerezi chuma," mama alikata kauli. "Jumamosi nitamwita fundi wa vipimo. Baba atakereza kipande mbele yake, naye atakipima. Kosa likiwa dogo, tutaifanyia marekebisho. Likiwa kubwa, tutanunua mpya. Yamekwisha."

Kesho yake babu alimvuta Kasuku nyuma ya rafu. Alifungua kitambaa chenye grisi, akatoa kipande cha chuma kirefu, kilichonyooka barabara. Alikuwa amekikereza zamani, mashine ilipokuwa bado na nguvu zake.

"Mjukuu wangu, Jumamosi nitakupa kipande nitakachokereza ukakioshe kwenye beseni la mafuta ya taa. Hiki kitakuwa kimelala humo tayari. Wewe utaacha kile na kuleta hiki."

"Lakini huo ni uongo, Babu."

"Ni uongo mdogo." Babu alishusha sauti. "Mimi nimejua kwa muda mrefu kwamba mashine inakosea. Nilikuwa nikisugua upande mnene kwa msasa na hakuna aliyegundua. Ile shafti ya kinu nilisahau tu. Sasa sikia, mashine hii ikienda kwenye chuma chakavu, na mimi ufundi basi. Nitakaa nyumbani nihesabu nzi."

Kasuku aliumia moyoni. Karakana bila babu asingeweza hata kuifikiria. Nani mwingine angesikiliza habari za kuku wa jirani mpaka mwisho? Akaahidi kutunza siri.

Hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu Kasuku aliujua vizuri mdomo wake. Ukifunguliwa kwa jambo moja, mengine yote hufuatana nalo. Akaona dawa ni kutoufungua kabisa.

Mezani jioni hakusema neno. Mama akamgusa paji la uso, akamgusa tena. Shuleni mwalimu alimwuliza mara mbili kama ana homa, na rafiki yake akamwomba msamaha kwa kosa ambalo hata yeye mwenyewe hakulijua. Mjomba ndiye aliyefika na tiba.

"Mtoto huyu akinyamaza hivi, ni minyoo," alisema, akamnywesha dawa chungu kijiko kizima. Kasuku aliimeza bila kulalamika, na jambo hilo likamtisha kila mtu zaidi.

Jumamosi ikafika. Fundi wa vipimo alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye maikromita, yaani chombo cha kupimia unene, aliyoifuta kwa leso kama watu wanavyofuta miwani. Babu aliwasha mashine. Ikakohoa, ikazunguka, na kisu kikanyoa. Kazi ilipokwisha alimkabidhi Kasuku kile kipande bila kumtazama usoni.

Kasuku alikwenda kwenye beseni pembeni ya karakana. Alizamisha kimoja, akaibua kingine, akakifuta.

Fundi wa vipimo alipima mwanzo, akapima katikati, akapima mwisho. Akafuta maikromita, akapima upya.

"Ajabu," alisema. "Hakuna tofauti hata ya unywele. Mashine hii ni nzima kabisa!"

Mjomba alirudisha simu mfukoni. Babu akatabasamu hadi gego la mwisho. "Basi tuanze marekebisho," alisema.

"Marekebisho ya nini, Mzee wangu?" Fundi wa vipimo alishangaa. "Mashine haiumwi. Kuifungua ni kumpasua mgonjwa asiye na ugonjwa. Iacheni hivyohivyo."

Tabasamu la babu likayeyuka. Mama, kwa furaha, alikuwa ameshampigia simu mwenye kinu. "Ndiyo, tulikosea siku moja tu, mashine ni nzima! Shafti tatu mpya tutakuchongea, utazipata Jumatatu. Funga ufanye kazi bila wasiwasi!"

Babu alikohoa kushinda mashine yake. Kasuku alimtazama, naye babu akatazama paa. Hakukuwa na mashine mpya wala marekebisho. Zingechongwa shafti tatu mbovu, na kinu kingetikisika tena kikiwa kimezungukwa na watu. Safari hii huenda kisingemwaga unga tu. Kasuku aliwaza vidole vya mwenye kinu, na mdomo ukamshinda.

"Siyo chenyewe!" alipiga kelele. "Chenyewe kiko kwenye beseni! Nimekibadilisha, na mashine inakosea tangu zamani, na Babu husugua kwa msasa, na sina minyoo, na Mjomba ndiye aliyevunja kioo cha chumbani akasema ni paka!"

Mama alikata simu. Mjomba akanong'ona, "Sasa kioo kimeingiaje hapa?"

Kasuku alianza kulia. "Nisamehe, Babu. Nilikuahidi."

Babu alikwenda mwenyewe kwenye beseni, akaibua kipande cha kweli, akakiweka mezani. Mikono yake ilikuwa ikitiririka mafuta ya taa. "Mimi ndiye wa kuombwa msamaha? La. Nimemtwika mtoto uongo wangu, na mimi ni mtu mzima. Pima, fundi."

Upande mmoja ulikuwa mnene, na tofauti ilikuwa kubwa kweli. Mjomba alishika simu tayari kuagiza. Lakini fundi wa vipimo aliinama, akapitisha mkono juu ya reli ndefu za mashine, zile ambazo kisu huteleza juu yake.

"Mzee, kazi zako nyingi zilikuwa vipande vifupi?"

"Nyingi."

"Basi ndiyo maana. Reli zimelika hapa tu, karibu na kichwa kinachoshika chuma. Kwingine kote ni nzima. Zikisawazishwa, mashine hii itafanya kazi tena, na gharama yake haifiki hata robo ya mashine mpya. Ungesema mapema, tungeitibu ikiwa na kidonda kidogo."

Mama alimgeukia babu. Alikuwa na hasira, lakini sauti yake ilikuwa ya huzuni zaidi. "Baba, mficha maradhi kifo humuumbua. Ulikuwa unaipenda mashine hii, na kwa kuificha ndiyo ulikuwa unaiua." Kisha akamfuta Kasuku machozi. "Na wewe, siri inayoweza kuumiza watu haitunzwi, hata kama ni ya babu. Umechelewa kusema, lakini umesema. Mjomba, wewe na mimi tutaonana kuhusu kioo."

Mwenye kinu alipigiwa simu upya na kuambiwa ukweli wote. Alifoka, kisha akakubali kungoja. Reli zikapelekwa kusawazishwa, na mjomba mwenyewe akaipaka mashine rangi mpya na kuifungia kizuizi cha kukinga vipande vinavyoruka. Babu alilalamika juu ya rangi siku nzima, halafu akaanza kuipangusa kila saa.

Siku mwenye kinu alipokuja kuchukua shafti zake, babu alizipanga mezani, akazipima moja moja mbele yake. Ya tatu aliizungusha mkononi kwa muda mrefu. Kasuku aliacha kufagia.

"Hizi mbili ni sawasawa," babu alisema hatimaye. "Hii nimeinyoa kupita kiasi. Mashine haina kosa, kosa ni langu. Haikufai. Njoo kesho nitakuwa nimekereza nyingine."

Mwenye kinu alimkodolea macho. "Fundi, miaka yote hii kila nikija unaniambia kazi ni safi. Leo ndiyo mara ya kwanza kunionyesha mbovu."

"Umekasirika?"

"Hapana," alisema, akizibeba zile mbili kifuani. "Leo ndiyo nimeziamini hizi."