Chembe Zilizokunywa Maji

Kila Jumamosi asubuhi, Kadogo aliosha vyombo, kisha akambadilisha nepi mdogo wake. Jina la Kadogo alipewa alipokuwa kitinda mimba, na mtoto mwingine alipozaliwa, hakuna aliyekumbuka kumvua jina hilo.

Siku hiyo nepi mpya ilimchanikia mkononi. Ndani ya pamba akaona chembe nyeupe kama sukari. Akazikung'utia kwenye bakuli, akamimina kikombe cha maji. Chembe zikavimba, zikasukumana, zikapanda. Alipoinamisha bakuli, halikudondoka hata tone. Maji yote yalikuwa yamegeuka kitu laini, chenye kung'aa na kutetemeka.

"Yamekwenda wapi?" alinong'ona, mdomo wazi.

Akachana nepi nyingine, na nyingine tena. Bakuli likajaa pomoni. Mara akasikia hatua za mama. Akamwaga karibu yote kwenye sinki, akafungulia bomba.

Hapo akawa amejipalia makaa. Sinki liliziba, maji yakafurika hadi sakafuni.

Mama aliingia, akatazama sinki, kisha viatu vya dada mkubwa wa Kadogo vilivyoanikwa dirishani.

"Si nilikukataza kuoshea viatu vya tope humu?" alimgombeza dada, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia. "Leo huendi popote mpaka sinki lizibuke."

"Mama, leo ni fainali! Na viatu niliviosha nje, kweli tena!"

"Usinijibu."

Dada alikuwa nahodha wa timu ya netiboli. Alikunja mikono ya sare yake, akaanza kuchokoa bomba la maji machafu kwa waya huku machozi yakimlengalenga. Kadogo alisimama kando, ameficha bakuli mgongoni. Kila dada alipomwaga maji ili kusukuma uchafu, sinki lilizidi kujaa.

Mama mdogo, mwalimu wa kemia, alifika kumchukua dada kwenda uwanjani.

"Bado hujavaa viatu? Wenzako wameshapanga mstari!"

Dada akainamisha kichwa. Kadogo hakuweza kuvumilia tena.

"Mama, mwache dada. Ni mimi." Akaeleza yote, akaonyesha na bakuli lenye mabaki.

Mama alilipokea bakuli, akampa mdogo wake. Mama mdogo alitikisa bakuli, akacheka.

"Kumbe mnamwaga maji? Mnazidi kuzinywesha chembe zenye kiu! Leteni chumvi."

"Unataka kupika sasa hivi?" mama aliuliza.

"Subiri uone."

Alinyunyiza vijiko viwili bakulini, akakoroga. Kile kitu kikalegea, kikasinyaa, maji yakaanza kutoka. Kadogo aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa bakuli.

"Kila chembe ni nyuzi ndefu mno, zisizoonekana kwa macho, zilizofungamana kama wavu," alisema mama mdogo. "Maji yakija, wavu unatanuka na kuyashika. Chumvi ikiingia, unasinyaa na kuyaachia."

"Kwa hiyo wavu huo unahisi?" Kadogo aliuliza.

"Hauna akili, lakini unaitika. Kuna vitu laini vinavyoitika kwa joto, vingine kwa mwanga. Watafiti wanajaribu kuvibebesha dawa, viiachie pale tu palipo na ugonjwa."

Kadogo alitazama mikono yake iliyolowa kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Walimimina chumvi sinkini, wakasubiri. Bomba likakoroma, likanyamaza, kisha maji yakazama kwa kishindo. Dada alikwishavaa viatu.

"Nisamehe, mwanangu," mama alimwambia. "Nilihukumu kabla ya kuuliza."

"Na mimi unisamehe, dada," alisema Kadogo.

"Tutaongea nikirudi na kombe," dada alijibu, akatoka mbio.

Mama alimpa Kadogo tambara la kupigia deki.

"Kutaka kujua si kosa," alisema. "Ila uliza kwanza, usiharibu vitu vya mtoto. Na ukikosea, sema papo hapo. Leo dada yako alilia kwa jambo ambalo hakulifanya, nawe ulikuwa umesimama pale pale."

Kadogo alipiga magoti, akaanza kufuta sakafu.