Weupe wa Jivu la Kilimani

Bakuli likitoka tanuruni hulia ting, ting, ngozi yake ya kioo inapopoa. Kesho yake huwa kimya. Mabakuli thelathini ya Kisaburo, mfinyanzi wa mji wa Tokoname, yalikuwa bado yanalia siku ya nne.

"Yanakusengenya," mkewe Fusae alimtania.

"Yasengenye tu. Umeuona weupe ule? Hata marehemu baba hakuupata."

Weupe huo ulitoka kwenye jivu alilolikuta kilimani, ndani ya mtungi wa kale uliovunjika mdomo. Alidhani ni mtungi ulioharibikia tanuruni, wazee wakaugeuza chombo cha kuwekea jivu la kuni. Akalichekecha, akalikoroga na maji, akayachovya humo mabakuli yote kabla ya kuyachoma, ili jivu liyeyuke motoni liwe kioo.

Asubuhi hiyo binti yao Nui, wa miaka sita, alinywea uji bakuli mojawapo. Nyumba ikanuka moshi uliolowa. Mtoto akaanza kutega sikio kwenye kila bakuli.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Mama. Humu hayumo. Na humu hayumo."

"Si mimi huyu hapa?"

Nui akainamia bakuli lingine. Adhuhuri alishikwa na homa.

Mtawa Ryokei alipoitwa, aliuona mtungi, akasimama mlangoni.

"Kisaburo, mdomo huu haukuvunjika. Ulivunjwa. Zamani mtungi wa majivu ya maiti ulikuwa ukivunjwa hivi kabla ya kuzikwa. Jivu liko wapi?"

"Limeshakuwa kioo, Mtawa."

"Tulilala pamoja na mama," Nui alinong'ona. "Mmetutawanya."

Ryokei alishusha sauti. "Yazikeni yote leo, lisibaki hata moja. La sivyo huyu aliyemwingia atabaki, na wenu ndiye atakayeondoka."

Wakapanda kilima, mabakuli yakilia ndani ya majani makavu, kwa nguvu zaidi kila hatua, mpaka Fusae, aliyebeba kapu mgongoni, akahisi mlio ule mifupani mwake na kulia nao bila kujua anamlilia mtoto yupi.

"Yametimia?" Ryokei aliuliza kando ya shimo.

"Yametimia," alisema Kisaburo. Lile jeupe kuliko yote lilikuwa kifuani mwake, ndani ya nguo.

Waliporudi, homa ilikuwa imeshuka. Nui alipiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Asante kwa kunitunza, shangazi. Mama yangu atakuja lini?"

Fusae alimkumbatia. Mtoto alitulia mikononi mwake, akivumilia, kama watoto wenye adabu wanavyovumilia kukumbatiwa na watu wasiowajua.