Shikamoo Iliyopita Angani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shamba la kijiji, Anastazia alipita kwenye duka la ushirika. Hakuwa na cha kununua. Alikwenda kusikiliza redio. Mwanawe Antipasi, mkimbiaji, alikuwa amesafiri na wanamichezo wa Tanzania kwenda nchi ya mbali, upande wa pili wa dunia. Tangu aondoke, mama hakupata neno lake hata moja.

Asubuhi hiyo jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza. Mtangazaji alizungumza kutoka huko huko uwanjani.

"Hapa jua linazama," alisema. "Ninaye kijana wetu Antipasi. Kesho anakimbia."

Linazama? Anastazia alitazama nje. Jua lilikuwa pale pale, juu ya mtama. Akachanganyikiwa.

"Shikamoo mama!" redio ikasema.

Ilikuwa sauti ya Antipasi, bila shaka yoyote. Anastazia akapiga yowe. Ndoo aliyobeba ikamponyoka. Maneno mengine yote ya redio yakapotelea kwenye kelele hizo.

"Mwanangu amekufa!"

"Mama, si anaongea?" aliuliza mkwewe Petro, muuzaji wa duka.

"Na Mazengo je? Hamkumsikia Mazengo?"

Watu waliokuwa dukani wakamkumbuka. Mazengo alikuwa mwimbaji wa kwaya kule Kinampanda. Walimzika wenyewe. Wiki iliyofuata walimsikia redioni, anaimba kwa afya zake zote. Tangu hapo Anastazia alijua kwamba redio hutunza sauti za marehemu. Na hii ya leo ilitoka jioni, wakati jioni ya leo haijafika. Basi ni sauti ya zamani. Kwa nini waitoe sasa, kama mwenyewe yupo? Ungemsikiliza alivyoeleza, hata wewe ungeshika tama. Petro alishika.

Jua lilipopanda, ua wa Anastazia ulikuwa umejaa watu. Wanawake walileta unga wa matanga. Hakuna aliyekuwa na hakika ya kifo, lakini hakuna aliyetaka kuonekana hana utu. Binti yake Esta, mke wa Petro, alikuwa amejifungua mapacha wiki iliyopita. Alilia, na mapacha wakalia naye.

Hapo akaingia Hirji kwa baiskeli. Huyu alikuwa na duka Shelui, na ndiye aliyetengeneza redio za vijiji vyote vya karibu. Alikuja anatabasamu, amebeba kifurushi cha sukari.

"Hongera, Mama Antipasi! Nimemsikia kij..." Akaona unga. Akaona nyuso. "Kuna nini hapa?"

Wakamweleza. Hirji akavua kofia, akaivaa tena.

"Kwani hamkusikia alivyomalizia? Alisema, 'Nimepata simu ya shemeji. Waambieni mapacha wa Esta kwamba mjomba anawaletea viatu.'"

Petro akaruka. "Simu ya maandishi! Niliituma mimi, posta ya Singida!"

"Mama, wimbo wa Mazengo ulirekodiwa kwenye santuri," Hirji alisema. "Santuri hurudia mambo ya zamani. Itajuaje mapacha wa wiki iliyopita?"

Anastazia akafuta machozi, lakini hakukubali upesi. "Na jua je? Lizame kwao, lichomoze kwetu?"

Hirji akampeleka nyuma ya nyumba, kwenye jiwe kubwa lililopita paa kwa urefu. Akamwacha upande wenye jua, yeye akazunguka upande wenye kivuli.

"Unaniona?"

"Nitakuonaje? Jiwe limeziba!"

Petro akapanda juu na kioo cha Esta, akakigeuzageuza. Mara Anastazia akaona ndani ya kioo kofia ya Hirji, kisha meno yake.

"Dunia nayo ni mviringo, ila ni kubwa mno," Hirji alisema kwa sauti kutoka kivulini. "Kwako jua, kwangu kivuli, saa ile ile. Wataalamu wamerusha chombo juu sana angani. Kinaitwa setilaiti. Kinafanya kazi kama kioo hicho. Kinapokea mawimbi ya redio kutoka upande ule, kinayatuma chini upande huu. Mitambo mikubwa inayapokea, na redio inatutangazia. Hata mipira ya ng'ambo mnayoisikiliza, mingine hupita huko."

"Kwa hiyo aliponiamkia, alikuwa mzima?"

"Mzima kabisa. Yeye kasema, wewe umesikia, hapo hapo."

Anastazia akaketi chini akacheka, huku machozi yanamtoka. Wale wanawake waliona aibu kurudi na unga wa matanga. Wakaupika, watu wakala wakashiba, na sukari ya Hirji ikaishia kwenye chai.

Kesho yake Anastazia alikuwa wa kwanza dukani. Aliyekohoa alinyamazishwa. Antipasi alimaliza wa nne. Watu wakasikitika, yeye akapiga vigelegele. Kisha akatoka nje, akainua uso juu.

"Marahaba, mwanangu."

Petro akacheka. "Mama, redio yetu hupokea tu. Hawezi kukusikia."

"Najua, nimefundishwa," alisema Anastazia, akichukua jembe lake. "Lakini mtoto aliniamkia jana, na mimi sikumwitikia."