Usimpe Jina la Mtu

Mfugaji alivaa glavu kumtoa paka yule. Fundi cherehani alishangaa, maana wengine wote aliwabeba kwa mikono mitupu. Huyu, jike wa Bengali mwenye madoa ya chui, alikuwa peke yake kwenye kizimba, na mama yake, kwenye kizimba cha pili, alimpa mgongo.

"Mbona mama yake hamtaki?"

"Alimkataa ghafla tu," mfugaji alisema, macho chini. "Mchukue, mama. Ila usimpe jina la mtu."

Fundi hakumtilia maanani. Binti yake wa miaka tisa, mwenye mdomo usiopoa hadi mtaa mzima ukamwita Chiriku, alikuwa amemganda mwaka mzima: nataka paka wa Bengali, jike, mwenye madoa. Akaahidiwa. Homa ikamwahi. Miezi saba imepita, na mama alikuwa anatimiza ahadi kwa mtu ambaye hayupo. Njiani alimpakata paka, akamnong'oneza, "Chiriku wangu."

Paka akafumbua macho.

Siku ya tatu, adhuhuri, akiwa anapinda suruali ya sare, alisikia kitu chini ya meza ya kukatia.

"Mama."

Mguu ukaganda kwenye pedali. Harufu ya dawa ya homa, ile tamutamu ya chupa, ikajaa chumbani. Chini ya meza alikuwepo paka tu, anamtazama.

"Mama, unashona nini?"

Mwingine angetoka mbio. Yeye alipiga magoti. "Suruali, mwanangu."

Tangu hapo kazi za wateja zikalala. Alijifungia, wakapiga soga mchana kutwa, na kila sauti ile ilipocheka yeye alizidi kukonda, mpaka siku moja ikasema, "Mama, huku baridi, njoo unifunike," naye akajilaza sakafuni, paka akampanda kifuani, na kila alipovuta pumzi paka alizidi kuwa mzito, mzito kama mtoto aliyelala, mzito kama gunia la mchanga, na mikono yake, badala ya kumsukuma, ikamkumbatia.

Dada yake ndiye aliyevunja kitasa. Alimkuta midomo imegeuka buluu, akamng'oa paka kifuani, pumzi ikarudi. Akampigia simu shemeji yake, mume wa fundi, karani wa ghala, kisha akamleta mganga, mwanamke mfupi wa sauti ya chini.

"Jini hili siwezi kulitoa mimi," mganga alimnong'oneza fundi. "Wewe ndiye uliyelipokea. Litazame, uliambie mara tatu: wewe si mwanangu."

"Mama, nimekosa nini?"

"Usimjibu," dada alisihi, machozi yakimtiririka. "Dada yangu, usimjibu."

"Wewe si mwanangu."

"Mama, nitanyamaza. Sitaongea sana tena."

"Wewe si mwanangu."

"Mama..."

Mara ya tatu midomo ilicheza tu, sauti haikutoka. Ikatosha. Harufu ya dawa ikakatika. Paka akajitikisa, akalia nyau nyembamba, paka mdogo tu mwenye njaa.

Mume wa fundi alikuwa mlangoni, na sare ya kazi mwilini.

"Limeondoka?"

"Limeondoka," mganga alisema.

Mwanamume akateleza ukutani hadi chini, akafunika uso.

"Mimi pia nilikuwa namsikia," alisema. "Kila mchana nilitoroka kazini, nikasimama nyuma ya dirisha."